Tundu la Kamba

Marehemu alikuwa ameanguka ubavuubavu kando ya kitanda cha mtoto mchanga, na kitandani hapakuwa na mtoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka kukielekea. Wa kushoto ulikuwa umejikunja kifuani. Miwani ilikuwa bado usoni, imekaa upande, na chumba kizima kilinuka waya ulioungua na sabuni ya sakafu.

Inspekta alisimama mlangoni akatazama kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye viatu vya raba na mkoba uliojaa bahasha za vielelezo. Kituoni walimwita Mama Kwa Nini, na msidhani walikuwa wanamsifu. Ukimwambia mvua inanyesha, anakuuliza kwa nini. Mumewe alikuwa na mazoea ya kuwasimulia wageni kwamba siku ya posa, badala ya wazee kumhoji bwana harusi, bibi harusi alitoka ndani akamhoji mwenyewe mpaka kijasho chembamba kikamtoka.

"Nani aliyemkuta?"

"Fundi mmoja wa hapa, Afande," alisema Sajini. "Wanamwita Mzee Risasi." Akashusha sauti. "Nimempekua mwili mzima. Hana silaha."

"Risasi ya kulehemu hiyo, Sajini. Ya kuunganishia vipuri kwenye bodi."

"Aa." Sajini alikohoa kidogo. "Ndiyo maana alinishangaa."

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti karibu na mwili. Aliinua mkono wa kulia wa marehemu kwa upole. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa na alama ndogo ya kijivu, ngozi imekunjamana. Kisha akafungua kiganja cha kushoto. Alama nyingine.

"Umeme," alisema. "Umeingilia hapa, umetokea pale. Katikati kuna moyo."

"Kidole kiligusa nini?"

"Kile kibao cha vitufe pembeni ya kitanda, nadhani. Na mkono huu aliuegemeza kwenye meza ya chuma. Ajali au si ajali, hiyo ni kazi yako. Mimi nasoma mwili tu."

Inspekta aliitazama meza ya chuma. Juu yake palikuwa na taa ndogo ya plastiki ya rangi ya maziwa, yenye kamba nyekundu iliyofifia. Kando ya taa palikuwa na bisibisi, na kando ya bisibisi skrubu moja. Ukutani, juu ya meza, msumari ulikuwa mtupu, na chini yake palikuwa na duara safi ambapo vumbi lilishindwa kuingia kwa muda mrefu.

"Hii taa ilikuwa inaning'inia pale," alisema. "Mtu anapima kitanda cha wagonjwa, anaacha kazi, anashusha taa ukutani na kuanza kuifungua. Kwa nini?"

Sajini alikwisha kujifunza kutokubuni jibu mbele ya mama huyu.

Karakana ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Chumba cha mbele kilikuwa cha wachoraji, wenye kompyuta. Cha kati kilikuwa cha meza za kulehemu. Mwishoni kulikuwa na chumba cha majaribio, na kando yake choo, vimetenganishwa na ukuta mwembamba wa mbao. Walibuni na kuunda bodi za saketi, zile sahani za kijani zenye njia za shaba zinazokaa ndani ya kila mtambo, kwa ajili ya vifaa vya hospitali. Kitanda kile kilikuwa cha kuwapasha joto watoto njiti.

Mwenye karakana, ambaye sasa alikuwa amefunikwa shuka sakafuni, aliitwa Shangazi na kila mtu. Meneja aliyelingana naye umri alimwita Shangazi. Mleta maji ya kunywa alimwita Shangazi. Jina lilitoka kwa mtoto wa kaka yake, aliyeletwa kwake angali mdogo baada ya wazazi kufariki, akawa anafanya kazi za shule chini ya meza za kulehemu na kuita "Shangazi! Shangazi!" kutwa nzima mpaka karakana yote ikaambukizwa. Mtoto yule sasa alikuwa mchoraji wa bodi. Yeye wenzake walimwita Binti.

Inspekta alianza na Meneja, aliyekuwa ameketi kwenye kreti mlangoni mwa stoo, tai imelegea, macho mekundu.

"Niandike mimi," alisema kabla ya kuulizwa. "Mimi ndiye niliyemuua."

Sajini aliacha mdomo wazi. Inspekta alivuta kiti.

"Kwa nini?"

"Nilimharakisha. Jaribio lilikuwa la wiki ijayo. Nikamwambia leo. Nikamganda kama kupe, leo, leo, leo." Alijifuta uso kwa tai. "Na si hilo tu. Vitanda vingine viwili nimeshavipeleka hospitali asubuhi hii. Vina bodi kama hii hii. Nilivipeleka kimyakimya, nikijua jaribio ni la kutimiza wajibu tu. Shangazi hakosei. Binti hakosei."

"Viko wapi sasa?"

"Wodi ya watoto njiti."

"Vimewashwa?"

"Vinawashwa mchana, mkuu wa wodi akimaliza kuzungukia watoto."

"Piga simu. Sasa hivi. Visiguswe na mtu."

Meneja alikosea namba mara mbili mpaka Sajini akamshikia simu. Mkuu wa wodi alikuwa na sauti ya mtu asiye na muda wa kupoteza. Wodi ilikuwa imejaa, alisema. Watoto walikuwa wanalala wawiliwawili, na vitanda vya zamani vilikuwa vinazimika ovyo. Atasubiri, lakini aambiwe leo hii: ni vizima au ni vibovu? Kama ni vizima anavihitaji. Kama ni vibovu avitoe mlangoni, maana wauguzi wake wamechoka na mtu anaweza kuwasha kwa bahati mbaya.

"Ni vizima," alisema Meneja baada ya kukata simu, akijitahidi kujiaminisha. "Binti ameshakagua mchoro, mara tu baada ya... baada ya haya. Anasema mchoro uko sawa. Basi itakuwa ni kitanda hiki kimoja, waya umelegea mahali. Nikiwaambia vibovu na kumbe vizima, Inspekta, kuna mtoto atakosa joto leo."

"Na ukiwaambia vizima na kumbe vibovu?"

Meneja aliinamisha kichwa magotini.

Mzee Risasi alikuwa mwembamba, nywele zimejaa mvi, vidole vyake vimejaa makovu madogo ya moto. Alisimama wima mbele ya Inspekta utadhani anangoja hukumu.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nimelehemu bodi ile kwa mikono hii. Kama kuna kosa, ni langu. Na nilikwenda kunywa chai."

"Hee," Sajini alinong'ona. "Wa pili huyo."

"Tuanze na chai," alisema Inspekta. "Kwa nini ulikwenda kunywa chai katikati ya jaribio?"

"Yeye ndiye aliyetutuma. Tulikuwa mlangoni wote, mimi na Meneja. Alikiwasha kitanda kwenye soketi ya ukutani, akakiacha kipate joto. Akainama akachungulia bodi pale kwenye uwazi ubavuni mwa kitanda. Akachungulia sana. Kisha akainuka, akaitazama ile taa ukutani."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Nendeni mkanywe chai. Niitieni binti yangu. Aje peke yake.' Akafunga mlango."

"Alikuwa na hasira?"

Mzee alifikiri. "Hapana. Shangazi akikasirika jengo zima linajua. Alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa habari za nyumbani mbele ya wageni."

"Ulimwita huyo Binti?"

"Nilimwita. Alikuwa kwenye kompyuta. Nikamwambia, Shangazi anakutaka, kitanda kimewaka. Akasema, 'Nakuja, mzee.'"

"Kisha?"

"Nikanywa chai. Nikanywa kikombe chote, mama. Nikaongeza. Nikasimulia na hadithi. Nilipoona kimya kimezidi nikaenda kugonga. Nikamkuta chini. Nikachomoa plagi."

"Binti alikuwa wapi?"

"Alitokea nyuma yangu. Alipiga ukelele, akaja kunisaidia kumgeuza."

"Kumbuka vizuri. Kuna kitu chochote ulikiona kwake?"

"Mikono yake ilikuwa imelowa maji," alisema Mzee Risasi. "Nakumbuka kwa sababu nilimfokea. Nilimwambia asiguse kitu na mikono ya maji, kuna umeme."

Binti alikuwa mezani kwake, kompyuta imewashwa. Alikuwa mrefu, mwenye kilemba cha buluu kilichofungwa vizuri mno kwa siku kama ile. Macho yake yalikuwa makavu. Aliwakaribisha, akawavutia viti, akampa Inspekta pole ya kupanda ngazi.

"Pole ni yako, mwanangu," alisema Inspekta. "Nieleweshe kazi yenu, mimi sijui kitu. Bodi inaanzia wapi?"

"Inaanzia kwenye mradi." Binti alishika kipanya. "Kila bodi ina mradi wake ndani ya programu. Mradi ni folda moja: humo kuna mchoro wa saketi, kuna umbo la bodi, maktaba ya vipuri, na kanuni. Kanuni ndizo zinaiambia programu nini kinaruhusiwa. Njia mbili za shaba zikikaribiana kuliko inavyotakiwa, programu inapiga kelele, inaweka alama nyekundu."

"Na kanuni zinatoka wapi?"

"Tuna kiolezo. Tunakiita Mama. Kina kanuni zote za vifaa vya hospitali. Shangazi alikitengeneza mwenyewe. Hapa kila mradi mpya lazima uzaliwe kutoka kwa Mama. Ni kazi ya kuchosha, maana unapanga kila kitu upya, lakini ndiyo sheria ya nyumba."

"Kuna njia ya mkato?"

Kipanya kilisita. "Wengine mahali pengine wanadurufu mradi wa zamani na kuubadilisha jina. Hapa ni marufuku."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mradi uliodurufiwa unakuja na kanuni zake za zamani. Na makosa yake ya zamani."

Akafungua mradi wa kitanda. Bodi ilijitandaza kwenye kioo, njia nyekundu na za buluu, na katikati ukanda mtupu uliopita kutoka ukingo hadi ukingo.

"Huu ni mfereji," alisema Binti. "Upande huu ni umeme wa ukutani. Upande ule ni umeme mdogo, wa vitufe, ambao mtu anagusa. Hakuna shaba inayovuka mfereji. Angalia." Akabonyeza. Programu ikakagua kanuni, ikaandika kwamba hakuna kosa hata moja. "Mchoro uko sawa. Sijui kilichotokea, lakini hakikutokea hapa."

Inspekta alitoa bahasha ya plastiki mkobani. Ndani yake kulikuwa na bodi iliyotolewa kwenye kitanda, kona moja imeungua. Akaiweka mezani, kando ya kioo.

"Hapa kuna tundu," alisema. "Kwenye ukingo wa juu, katikati. Halina skrubu, halina waya. La nini?"

Binti alitazama. "Kiwandani wanakotengeneza huongeza matundu mara nyingine. Ya kushikia wakati wa kukata."

"Kwenye kioo halipo."

"Ndiyo nasema, wameongeza wao."

Alijibu bila kumeza mate. Inspekta alimshukuru, akatoka, akamvuta Sajini mpaka kwenye ngazi.

"Umeonaje?"

"Binti yuko safi, Afande. Amejieleza vizuri kuliko wote."

"Hilo ndilo linanikera." Inspekta aliegemea ukuta. "Meneja alimharakisha marehemu, anasema ameua. Mzee wa watu amekunywa chai aliyotumwa kunywa, anasema ameua. Wote wanajitupia lawama hata zisizo zao, ndivyo msiba ulivyo. Mimi baba yangu alipokufa kwa uzee nilijilaumu kwa sababu sikumpelekea soksi. Sasa huyu, aliyelelewa na marehemu, aliyechora hiyo bodi, aliyeitwa na hakufika, yeye hana lawama hata ya kusingizia. Hajasema hata 'laiti ningewahi.' Kwa nini?"

Simu ya Meneja ililia chumba cha kati. Mkuu wa wodi tena. Walisikia Meneja akiomba muda.

Inspekta alirudi chumba cha majaribio, akavaa glovu. Wataalamu wa alama za vidole walikuwa wamemaliza na taa. Akashika bisibisi, akamalizia kazi aliyoianza marehemu: skrubu ya pili, ya tatu. Kifuniko kikafunguka.

Ndani kulikuwa na bodi ndogo ya kijani, na kamba nyekundu ilipita kwenye tundu lililokuwa ukingo wa juu, katikati. Akailaza juu ya ile iliyoungua. Ile ya kitanda ilikuwa ndefu zaidi upande wa chini, imeongezewa. Lakini juu, mabega yalilingana, kona zilikatwa kwa mkato ule ule, na tundu lilikaa juu ya tundu. Kamba ya taa ingeweza kupita kwenye yote mawili.

Akaiinua bodi ya kitanda dhidi ya dirisha. Mwanga ulipenya ubao wa kijani. Ukanda wa shaba ulivuka katikati, mweusi kwenye mwanga, kutoka upande wa umeme wa ukutani kwenda upande wa vitufe. Mfereji haukuwepo kabisa.

"Lo," alisema Sajini.

"Mwite Mzee Risasi."

Mzee aliitazama taa mkononi mwa Inspekta, uso wake ukalegea kwa huzuni.

"Hiyo ni bodi ya kwanza ya Binti," alisema. "Alikuwa bado mwanafunzi. Taa ya betri, ya kuning'iniza. Shangazi alisema haitauzwa. Akaitundika hapo, kila mgeni akija lazima aonyeshwe. Tulishachoka kuonyeshwa taa, mama."

Walimkuta Binti pale pale. Inspekta aliketi mbele yake, akaweka vitu vitatu mezani: bodi iliyoungua, taa iliyofunguliwa, na simu ya Meneja.

"Sikutegi, mwanangu," alisema. "Sikiliza kwanza. Meneja amepeleka vitanda viwili hospitali asubuhi hii. Vina bodi hizi."

Kwa mara ya kwanza uso wa Binti ulibadilika. "Vimekwenda? Nani kasema viende? Bodi nyingine zote ziko stoo!"

"Haziko stoo. Ziko wodini. Mkuu wa wodi anangoja jibu, watoto wanabanana. Wewe ndiye mchoraji. Umeniambia mchoro uko sawa." Akaisogeza simu upande wake. "Basi mwambie wewe. Sema viwashwe, ni neno moja tu."

Ukweli ni kwamba Inspekta asingekubali viwashwe hata kama Binti angeapa kwa miungu yote. Lakini Binti hakujua, na Inspekta mwenyewe hakujisikia vizuri kumfanyia hivyo mtu mwenye msiba.

Binti aliitazama simu. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Kilemba cha buluu kilianza kutikisika.

"Wasiwashe," alisema.

"Kwa nini?"

"Wasiwashe! Waambieni wavitoe kwenye plagi, wasiguse vitufe, waviondoe humo ndani!" Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, kilemba kimemdondoka. "Zote ni mbovu. Bodi zote. Mama, tafadhali, wapigie!"

Sajini alikuwa ameshashika simu. Inspekta aliokota kiti, akamkalisha Binti polepole.

"Una haki ya kunyamaza," alisema. "Lolote utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Umenielewa?"

"Nimenyamaza vya kutosha," alisema Binti.

Na hapo machozi yakaja, kwa fujo, kama ya mtoto.

"Ulidurufu mradi wa taa."

"Ndiyo. Meneja alitaka mchoro haraka. Kufungua kutoka kwa Mama kungenichukua muda, na taa niliijua, ilikuwa yangu. Umbo lake lilikaribia kufaa. Nikaidurufu, nikabadilisha jina, nikaongezea chini. Tundu nikalisahau. Na taa ni ya betri. Haina umeme wa ukutani, kwa hiyo kanuni zake hazina mfereji. Shaba ikavuka, na programu haikusema kitu. Ingesemaje? Haikuambiwa kwamba ni kosa."

"Uligundua lini?"

"Bodi zilipotoka kiwandani. Niliishika moja dirishani nikaona."

"Na hukusema."

"Nilichora upya. Safari hii kutoka kwa Mama, kila kitu sawasawa. Nikaupa jina lile lile, nikafuta ule wa kwanza. Nikaagiza bodi nyingine, ziko njiani. Jaribio lilikuwa wiki ijayo. Ningezibadilisha tu, hakuna ambaye angejua. Leo asubuhi ndipo nasikia jaribio ni leo."

"Na bado hukusema. Kwa nini? Angekufukuza?"

Binti alicheka kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio.

"Aliyekuwa akikalia kiti hiki kabla yangu alifukuzwa kwa kosa hili hili. Kudurufu mradi. Shangazi alimfukuza mbele yetu sote, na kaka wa watu ana watoto, akaomba msamaha mpaka akapiga magoti. Shangazi akasema kwenye vifaa vya hospitali hakuna msamaha. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, na nilimuunga mkono. Nilisema ni haki yake." Alijifuta kwa kiganja. "Mimi asingenifukuza, Inspekta. Angenisamehe. Angenisamehe mbele ya wote waliomwona akimtimua yule. Wangejua kwamba sheria ya Shangazi ina mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ni mimi. Na yeye angejua. Sikuweza kumfanyia hivyo. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Uongo. Nilikuwa naona haya tu."

Inspekta akauliza lile aliloliogopa tangu Mzee Risasi ataje maji.

"Ulipoitwa ulikwenda wapi?"

"Chooni."

"Ulijua kitanda kimewaka?"

"Mzee aliniambia. Na nilikisikia. Ukuta ni wa mbao, feni yake inavuma." Binti aliitazama mikono yake. "Nilitaka kupanga maneno. Nikafungua bomba, nikanawa. Nikafunga. Nikasema haya, sasa nenda. Nikafungua tena nikanawa. Nilijua akigusa kibao cha vitufe na chuma kingine... Nilikuwa najua. Nikajiambia hatagusa, atanisubiri. Nikasikia kitu kimeanguka."

Sajini aliacha kuandika.

"Nikaendelea kunawa," alisema Binti.

Nyuma yao Mzee Risasi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mkono mdomoni, na Inspekta hakupata moyo wa kumtoa.

"Inspekta," Binti alisema baadaye. "Taa ilikuwa mezani mlipomkuta?"

Inspekta angeweza kudanganya. Alifikiria kudanganya. "Ilikuwa mezani. Alikuwa ameanza kuifungua."

"Basi alijua."

"Alijua umedurufu. Nadhani alikuwa anakwenda kukizima kitanda atoe bodi aikague vizuri. Mkono ulikwenda kwenye vitufe kwa mazoea."

"Ndiyo maana akawaambia wakanywe chai."

"Ndiyo."

"Alitaka nije peke yangu nisiaibike." Binti alisema hivyo taratibu. "Na mimi nilikuwa hapo nyuma ya ukuta."

Mama Kwa Nini hakuwa na swali. Alimwambia Sajini aandike: kuua bila kukusudia, kwa uzembe na kwa kuficha hatari aliyoijua. Akatoa pingu, akazitazama, akazirudisha mkobani.

Simu ililia. Alikuwa mkuu wa wodi. Vitanda vilishatolewa kwenye plagi, alisema, lakini anataka kusikia kutoka kwa anayejua, si kwa polisi: vinaweza kurekebishwa leo, ndiyo au hapana?

"Nipe mimi," alisema Binti.

Inspekta alimpa, akawasha kipaza sauti.

"Haviwezi," alisema Binti. "Vyote ni vibovu. Viondoe kabisa wodini. Mimi ndiye niliyevichora." Akavuta pumzi. "Bodi nzuri ziko njiani. Mchoro wake ni sahihi, fundi wetu, Mzee Risasi, atazilehemu yeye."

"Wewe ulikuwa unajua?" sauti iliuliza.

"Nilikuwa najua."

Upande wa pili kulikuwa na vilio vya watoto, vingi kwa pamoja, na mtu akisukuma kitu kizito chenye magurudumu. Sauti ya mkuu wa wodi ilirudi, si ya ukali, ya uchovu tu.

"Sasa kwa nini hukusema, dada?"

Binti aliinua macho akamtazama Inspekta, halafu Mzee Risasi, halafu ile taa.

"Niliona haya," alisema.

Simu ikakatwa. Mzee Risasi aliingia, akaokota kilemba cha buluu kilichokuwa kimedondoka sakafuni, akakikung'uta vumbi na kumpa Binti. Kisha akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha majaribio, mahali ambapo wabebaji walikuwa wanamtoa Shangazi, akawashikia mlango.